Mawe Yote Tisa Yapo

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mpelekee Mama huko jikoni kabla hujakaa kusoma, maana ukishavaa miwani hunyanyuki tena mpaka mstari wa mwisho. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, goti limetulia, na bado unabishana na daktari kuhusu ile fimbo. Mimi ni mzima kabisa. Ninakula vizuri, ninalala vizuri, na kile kikohozi kilichomtia Mama wasiwasi kimeniacha tangu mwezi uliopita. Mwambie aache kuniagizia dawa kwa kila mtu anayepanda ndege.

Barua hii imekuja na kifurushi. Nilitaka kukuomba usikifungue kwanza, lakini nakujua, umeshakifungua na kimekaa hapo mezani mbele yako. Basi ndiyo, ni GPS yako. Sijaichoka wala haijaharibika. Nakuomba tu usiiwashe mpaka umalize kusoma, kwa sababu ina kazi ya kufanya na ninataka uijue hiyo kazi kutoka kwangu.

Haya ningeweza kuyasema kwa simu, ila kila nikikaribia habari ya mtaro wa maji unaniambia mtandao unasumbua, halafu unakata. Baba, mtandao wa huko hausumbui kiasi hicho. Ukiulizwa habari za kuku wa Mama mtandao unakuwa safi mpaka nasikia wakiparua. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Wewe hujawahi kuacha karatasi yenye maandishi bila kuisoma, hata iwe ya kufungia sabuni.

Niko bado katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka yanaingia mlango mmoja yakiwa machafu na kutoka mlango wa pili yakiwa yamekunjwa, na mimi ndiye ninayesimamia mashine tatu za kunyoosha. Anayeyaleta na kuyapeleka ni mzee mmoja wa rika lako, mnene, mwenye masharubu na maneno mengi. Sote tunamwita Dereva. Kila mchana wakati wa chakula alikuwa anapotelea kwenye bustani iliyo nyuma ya jengo, anarudi na majani kwenye nywele na tabasamu usoni. Wenzangu walisema ana mwanamke huko. Mimi nilisema kwa tumbo lile mwanamke angekuwa anamwona akija tangu asubuhi.

Siku moja akaniambia nifuatane naye. Akanionyesha simu yake, ina ramani ya bure aliyoipakua nyumbani, kwa hiyo hata bila mtandao inamwonyesha yuko wapi. Akanieleza kwamba kuna watu dunia nzima wanaocheza mchezo wa kufichiana vikopo. Mtu anaficha kikopo chini ya benchi, au kwenye ufa wa ukuta, au ndani ya mzizi, halafu anaandika namba za mahali hapo kwenye mtandao. Wengine wanakuja na simu zao au GPS zao kukitafuta. Ndani kuna kijidaftari. Ukikipata unaandika jina lako la mchezo na tarehe, unakirudisha kama kilivyokuwa, na unahakikisha mpita njia yeyote hajakuona. Hakuna zawadi. Watu wazima na akili zao, Baba, wanapiga magoti kwenye matope ili waandike majina yao kwenye karatasi ya ukubwa wa kidole.

Nilicheka kwanza. Halafu damu ikanichemka, kwa sababu kazi hii mimi naijua. Nani alishika mwisho wa kamba ya kupimia kila likizo tangu akiwa darasa la nne? Nani alifundishwa na wewe kuhesabu hatua bila kutikisa midomo? Nikamwambia Dereva kwamba mimi ni mtoto wa mpimaji, ninacho kifaa chenyewe cha kazi, siyo simu ya kupigia picha paka. Jumapili iliyofuata nikaja na GPS yako shingoni, nimeivalisha ile kamba yake ya bluu, natembea kama mkaguzi.

Nikaaibika. Niliingiza namba, nikafuata mshale, ukanipeleka mpaka ukingoni mwa kidimbwi cha bata, ukasimama hapo. Nikatafuta kwenye matete nusu saa nzima, viatu vikajaa maji, bata wananiangalia. Dereva alikuwa upande wa juu kabisa wa bustani ananipungia mkono, kikopo kiko mkononi mwake. Nikamwambia simu yake ina bahati tu. Jumapili ya pili mshale ukanipeleka kwenye ukuta wa nyuma wa duka la viatu, kikopo kikapatikana mtaa wa juu. Ya tatu, ya nne, hivyohivyo. Dereva akasema kwa upole kwamba labda mashine hiyo imezeeka, niazime simu ya mwanawe. Nikamjibu vibaya, nikaja kumwomba radhi kesho yake. Sikukubali kwamba kitu chako kinaweza kukosea. Kwa kweli nilikuwa na sababu nyingine ya kuchukia kusikia hivyo, na nitaifikia.

Mara ya sita nikafanya ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama ningekuwa na utulivu wako. Nilisimama pale mshale uliponifikisha, nikamwomba Dereva asimame kwenye kikopo chake, nikahesabu hatua kutoka kwangu mpaka kwake. Mia mbili na nne. Tukarudi kwenye kikopo cha wiki iliyopita, nikapima tena. Mia mbili na mbili. Cha kabla yake, mia mbili na tano. Na kila mara mimi nilikuwa upande wa kusini, yeye kaskazini. Nikakumbuka ulivyoniambia siku ile tulipopima uwanja wa mnada, kwamba mtu akikosea, makosa yake yanayumba, leo huku kesho kule, lakini kosa lisiloyumba usimlaumu mtu, kalitafute kwenye kipimo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na uliniambia nikiwa natafuta njia ya kukimbia jua. Kumbe iliingia.

Nikaketi kwenye benchi nikafungua mipangilio ya GPS, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikafika pale panapochaguliwa mfumo wa vipimo. Ulikuwa umewekwa kwenye mfumo wa zamani, ule wa ramani za karatasi za ofisini kwenu. Simu zote na mchezo wote wanatumia mfumo mpya wa dunia nzima. Ni sawa na mafundi wawili wanaopima meza moja, mmoja anaanzia ukingo wa meza, mwingine anaanzia ukutani. Wote watasoma futi vizuri, na wote wataandika namba za kweli, lakini ukimpa huyu namba za yule atakata pasipostahili. Nikabadilisha ule mstari mmoja tu, nikaingiza namba upya. Mshale ukageuka, nikaufuata, nikainama chini ya ngazi ya mawe, mkono wangu ukagusa kikopo. Dereva alipiga makofi mpaka watu wakageuka, akavunja sheria ya kwanza ya mchezo.

Mimi sikushangilia. Nilibaki nimechuchumaa pale na kikopo mkononi, nikifikiria mtaro.

Nivumilie Baba, usiweke barua chini. Mtaro wa maji ulichimbwa kufuata namba zako ukatokea katikati ya shamba la shule, mbali na kilima cha tangi la maji ulikotakiwa kufika. Ile kamati ya ofisi ilikuonyesha karatasi iliyopigwa chapa, ikakuuliza kama namba zile ni zako. Ukasema ni zako. Ukawaambia waende porini wakayatazame mawe yenyewe ya saruji uliyoyasimika kuonyesha njia ya mtaro, tisa, yapo mahali pake. Hakuna aliyekwenda, kwa sababu nyasi zilikuwa zimeshayafunika na mkandarasi alikuwa na haraka. Wakaandika kwamba mpimaji alikosea karibu mita mia tatu kuelekea kaskazini. Wewe ukakataa kusema neno la pili. Miaka thelathini na moja kazini, ukatoka hata bila kikombe cha chai cha kuagwa.

Mita mia tatu, upande mmoja, bila kuyumba hata kidogo toka mwanzo wa mtaro hadi mwisho wake. Jioni ile niliingiza namba zako kwenye programu ya bure inayobadilisha mfumo mmoja kwenda mwingine. Tofauti haiko sawa kila nchi. Huku nilipo ni zile hatua mia mbili zangu. Huko kwetu ilitoka mita mia mbili tisini na nane, kaskazini. Nilirudia mara tatu. Mkandarasi alikuwa na vifaa vipya, akachukua namba zako za mfumo wa zamani akazichimba kana kwamba ni za mfumo mpya. Alifanya kosa langu la bata, Baba, ila yeye alilifanya kwa trekta.

Sasa utajiuliza nilizipata wapi namba zako. Hapa naanza kuungama, na hili ndilo dogo. Ile wiki niliyokuwa najiandaa kusafiri, nilikuta daftari lako la porini kwenye kapu la karatasi za kuwashia jiko. Wewe mwenyewe ulilitupa humo, na Mama alikuwa ameshachana kurasa mbili za mwisho. Nikalichukua nikalificha chini ya nguo zangu. Umekuwa ukidhani liliungua. Halikuungua, lipo kwenye kifurushi, limefungwa kwenye kile kitambaa cha maua, na Mama asinikasirikie kwa kitambaa pia. Nililichukua kwa ajili ya mwandiko wako tu, zile saba zako zenye mkia. Miaka minne lilikaa kwenye sanduku langu na sikulisoma. Jioni ile nikalifungua ukurasa wa kwanza kabisa, na kwenye kona ya juu, kwa kalamu nyekundu, ukiwa umepigia mstari, uliandika kwamba vipimo vyote vilivyomo ni vya mfumo wa zamani. Uliandika, Baba. Kabla ya namba yoyote. Aliyenakili kwenda kwenye ile karatasi ya chapa alichukua namba akaacha maneno.

Nilitaka kukupigia palepale. Lakini ungeniambia mtandao unasumbua. Tena nilijiambia, mtoto wa mpimaji hapeleki habari ambayo haijahakikishwa chini. Nikaingia kwenye mtandao wa mchezo kutafuta kama kuna wachezaji karibu na nyumbani. Nikampata mmoja anayejiita Kobe, ameshapata vikopo mia tatu na ushee. Nikamwandikia nikidhani ni kijana wa chuo. Kumbe ni mkunga, bibi wa wajukuu watano, anacheza siku zake za mapumziko na mumewe anamfuata nyuma na panga la kufyekea nyasi. Nilimweleza kwamba nina mawe tisa yaliyopotea na sina kikopo hata kimoja cha kumpa. Akajibu kwamba amezalisha watoto kwa mwanga wa simu, jiwe halitamshinda.

Nikambadilishia namba zako zote tisa kwenda mfumo mpya, nikamtumia. Jumamosi yake akaniletea picha. Jiwe la kwanza lilikuwa hatua nne kutoka namba iliposema, chini ya nyasi zilizomfika kifuani. Mumewe alifyeka, wakafuta udongo, na kwenye kona ya saruji ikaonekana ile alama yako, duara la kifuniko cha soda ulilokuwa unalibonyeza saruji ikiwa mbichi, ili kesho asije mtu akadai jiwe ni lake. Nilikuwa kazini picha ilipoingia. Mashine moja ilinyoosha shuka lilelile mara nne, mimi nimesimama nalia kama mjinga.

Iliwachukua Jumamosi mbili. La tatu lilikuwa limezungukwa na kichaka cha miiba na Kobe alichana blauzi. La saba kuna mama mmoja analikalia kila siku akifua, aligoma kunyanyuka mpaka aelezwe sababu, na alipoelezwa akawaletea kiti cha kukalia na maji ya kunywa. Mawe yote tisa yapo. La mbali zaidi liliachana na namba yako kwa hatua sita, na kifaa chenyewe hakidai usahihi zaidi ya huo. Dereva nimemchosha. Kila shuka linaloingia namsimulia, mpaka juzi akaniomba nimsimulie habari ya mtu mwingine yeyote.

Kobe hakuishia hapo, na hili sikumtuma. Alikwenda ofisi ya maji na picha zote, pamoja na picha ya ule ukurasa wako wa kwanza niliyokuwa nimemtumia. Waliokuhukumu wameshahama. Aliyepo ni mhandisi mwanamke, bado kijana. Kobe anasema alitoa faili, akaiweka ile karatasi ya chapa kando ya ukurasa wako, akazisoma mstari kwa mstari, kisha akauliza kama mzee huyu yuko hai. Wiki iliyofuata akafuatana nao mpaka jiwe la kwanza, na viatu vyake vya ofisini. Barua aliyoiandika Kobe alinitumia kwa posta, nayo iko ndani ya daftari. Ina mistari mitatu na muhuri. Inasema namba za mpimaji zilikuwa sahihi, mawe yako mahali pake, na kosa lilifanyika ofisini wakati wa kunakili. Nakala yake imeingia kwenye faili juu ya ile ya zamani.

Baba, sasa lile kubwa.

Unakumbuka mtaro ule watu waliupa jina, Mtaro wa Mlevi, na wewe hujawahi kuonja pombe maisha yako yote. Jioni moja nilikuwa dukani na wenzangu, mmoja akaigiza mpimaji anavyoyumba na kamba yake porini. Wote wakacheka. Na mimi nilicheka. Sikucheka kwa kulazimishwa. Nilicheka kwa sababu nilikuwa naamini kwamba ulikosea, na nilikuwa nimechoka kuwa mtoto wako. Nilipogeuka nikauona mgongo wako unatoka mlangoni. Mama alikuwa amekutuma kiberiti, ukarudi nyumbani bila kiberiti, ukamwambia duka limefungwa. Hukuniuliza chochote, siku ile wala baada yake. Mwaka uliofuata ukanisindikiza kituoni, ukanivua begi begani ukalibeba wewe na goti lako, na ukanipa GPS ukisema labda ugenini itasema kweli.

Mpaka leo sijui kama ulinisikia. Nadhani ulinisikia. Ndiyo maana nilimfokea Dereva wa watu aliposema mashine imezeeka, kwa sababu alisema kwa upole neno nililolisema mimi kwa kicheko. Wewe uliwaambia ukweli siku ya kwanza, na mtu pekee ambaye ulikuwa na haki ya kumtegemea akuamini bila ushahidi alikuwa mimi niliyeshika kamba. Nisamehe, Baba. Sikuombi useme kitu kwenye simu. Nitaelewa ukinyamaza, ila safari hii usikate.

Kazi ya GPS ni hii. Kobe ameficha kikopo kwenye jiwe la kwanza, upande wa ile alama ya kifuniko. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia namba zake katika mfumo wako wa zamani, na kifaa nimekirudisha kwenye mpangilio wako kama ulivyoniachia, usiguse kitu. Nimeweka betri mpya. Jumamosi yoyote utakayopenda Kobe na mumewe watakupitia na gari, na fimbo utaichukua, kwa sababu nyasi zile hazijali cheo cha mtu. Ndani ya kikopo kuna kijidaftari. Kobe amesaini mstari wa pili, mumewe wa tatu, mhandisi wa nne. Mstari wa kwanza wameuacha wazi. Katika mchezo huu mstari wa kwanza ni wa aliyefika kabla ya wengine wote, na pale hatukubishana ni nani.

Nisalimie Mama mpaka achoke, na majirani wote, hasa wale wa dukani. Ukishasaini, pitia hapo ununue kiberiti.

Ni mimi mwanao, niliye na fahari kuliko neno hili linavyoweza kubeba,

Mshika Kamba wako